Jibu la Nambari 1173

Fomu ilikuwa na mistari minne:
Ndeanasia M., miaka hamsini na minane, Kibosho.
Kikohozi, miezi tisa.
Dawa za TB, hakupata nafuu.
Kipande: pafu la kulia.
Na pembeni, kwa kalamu nyingine:
*amepikia kuni maisha yake yote.*

Moshi, basi.
Katika mji wenye jina hili
ni rahisi kulaumu jiko.

Zilikuwa nyuzi tatu nyeupe,
zimejikunja chini ya kichupa cha formalini.
Nilitaka kuzilaza kwenye nta jioni ileile,
lakini umeme ulikatika mara tatu
ukarudi mara mbili,
nami nikakaa gizani nikingoja deni langu.

Asubuhi nikazikata kwa mashine ya mkono,
pumzi nimeibana, maana pumzi tu
hupeperusha utepe mwembamba
kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu.
Hiki ndicho nilichokipenda kabla ya mshahara:
utepe unavyotua juu ya maji ya uvuguvugu
ukajinyoosha wenyewe,
kama mtu aliyepewa kitanda baada ya safari.

Zambarau kwa viini. Waridi kwa vilivyobaki.

Daktari Kiwelu aliinamia darubini
hadi chai yake ikafanya utando.
"Hebu njoo, Elifuraha."
Nilitarajia masizi.
Nikaona visima.
Visima vya mviringo, vimejengewa ukuta wa seli,
na ndani ya kila kimoja, uji wa waridi ulioganda.
Nilivijua. Kila wiki navikata
kutoka marovu ya wanawake wa mlimani.
Lakini hili ni pafu!
Ni kama kufungua mlango wa jirani
ukakuta jiko la mama yako,
na sufuria yake ileile iliyobonyea.

Hatukuandika kitu siku ile.
Jicho hudanganywa na kile linachokijua.
Kipimo kilichokuwa kwenye friji kilisema ndiyo,
lakini hicho husema ndiyo kwa pafu
na ndiyo kwa tezi ya shingo,
shahidi aliyelishwa na pande zote mbili.
Cha pili ilibidi tukiombe.
Kilifika siku ya kumi na moja, ndani ya boksi la barafu,
nacho humjibu mmoja tu.
Visima vikageuka kahawia,
rangi ya buni iliyokaangwa.

Nikampigia muuguzi wa wodi:
mtazame shingoni.
"Ana kitambaa. Hakivui hata kwa kuoga."
Mwombe.

Kovu. La zamani, jembamba, limelala kama mkufu.
Mwaka themanini na tisa alikatwa rovu.
Likapimwa wapi? niliuliza, naye akamuuliza.
Nikasikia kwenye simu mama akicheka,
kisha akikohoa, kisha akicheka tena:
"Rovu ni ndizi, mwanangu, useme utalivundika?
Walilitupa."

Kumbe kuna punje iliyovundikwa.
Ilishuka na damu, ikapata kivuli pafuni,
na kwa miaka thelathini na mitano
ikachimba visima, kimoja kimoja,
haikusahau kazi ya nyumbani.

Jibu likatoka: *Si TB. Si moshi.
Saratani ya tezi ya shingo, imehamia pafuni.*
Kwa hiyo atakwenda Dar,
atolewe tezi iliyobaki,
kisha anyweshwe madini joto yenye mionzi,
ndugu wa yale yaliyokosekana
katika chumvi ya utoto wake.
Na visima vile vitayanywa kwa pupa,
maana mpaka leo vinajiona vipo shingoni.

Hilo ndilo tumaini lote. Sina jingine la kumwongezea.

Kipande cha nta nimekipanga kwenye droo
kati ya 1172, uvimbe wa titi la binti wa Himo,
na 1174, kidole tumbo cha mtoto wa Rau.
Nimeandika nambari kwa penseli,
kwa sababu wino hukimbia kwenye spiriti.
Safari hii kimewekwa.